Karafuu, Kunazi na Ganda la Chenza: Maua na Matunda Katika Tiba Asili ya Kichina

Video za maji ya karafuu zimezagaa kwenye simu. Loweka karafuu usiku kucha, kunywa asubuhi kabla ya kula chochote, na utapungua unene, kizazi kitasafishika, sukari itashuka, nguvu za kiume zitarudi. Msikilizaji akisita, huongezewa kauli ya kufunga mjadala: Wachina wanaitumia karafuu tangu zama za kale. Kauli hiyo hiyo huambatana na goji kavu, yale matunda madogo mekundu, za kwenye vipakiti, chai ya maua ya krisanthemamu, na vidonge vya "kuondoa sumu mwilini" vyenye picha ya ua kwenye boksi.

Ni kweli, Wachina wanaijua karafuu tangu kale. Ila namna walivyoitumia haifanani na ile ya kwenye video, na tofauti hiyo ndiyo inayowaponza watu. Katika tiba ya Kichina, ua au tunda halipewi mgonjwa kwa sababu tu linasifika kutibu ugonjwa fulani. Huchaguliwa kwa tabia yake, huandaliwa kwa njia yake, hupimwa kwa gramu, huchanganywa na mengine, na hupewa mtu ambaye hali yake imechunguzwa. Likitolewa humo likabaki peke yake, jina la Wachina haliliongezei nguvu yoyote.

Tuanze na msingi

Tiba asili ya Kichina ni mfumo mzima wa utabibu. Una nadharia yake kuhusu mwili, una njia zake za kumchunguza mgonjwa, kama kutazama ulimi, kushika mapigo ya mkono na kuuliza maswali mengi, na una njia za kutibu: sindano, kukanda, mazoezi, mpangilio wa chakula, na dawa za mimea, madini na wanyama. Kitabu chake cha kale zaidi cha dawa, kinachohusishwa na mfalme wa masimulizi Shennong, kinaorodhesha dawa 365 katika madaraja matatu. Daraja la juu ni zile zinazoweza kutumiwa muda mrefu. La chini ni zile kali, nyingine zenye sumu, za kutumiwa kwa muda mfupi na kwa shabaha maalumu. Kwa hiyo kauli kwamba dawa ya mimea haina madhara haikutoka kwa Wachina. Wao waliandika kinyume chake tangu mwanzo.

Kila dawa ina tabia ya joto au baridi. Msomaji wa pwani ya Afrika Mashariki hapa yuko nyumbani, kwa sababu tiba ya Kiarabu iliyotufikia nayo inagawa vyakula hivyo hivyo, na wazee bado wanasema madafu yana ubaridi na tangawizi ina moto. Si joto la kipimajoto. Pilipili iliyotoka kwenye jokofu bado ni ya moto, kwa maana ya kile inachoufanya mwili. Wachina wana ngazi nne, moto, vuguvugu, ubaridi kidogo na baridi kali, na katikati wanaweka dawa zisizoelemea upande wowote.

Kisha inakuja ladha. Kitu kikali cha kuwasha ulimi hufungua na kutawanya, kitamu hulisha, kichungu hukausha na kushusha, chachu hubana kinachovuja, chenye chumvi hulainisha kilichoganda. Plamu iliyofukizwa moshi mpaka ikawa nyeusi, wumei kwa Kichina, ni chachu mno, basi hupewa mtu mwenye kuhara kwa muda mrefu au kikohozi kikavu kisichokoma.

Jambo la tatu ni mwelekeo. Tabibu wa Kichina huuona mwili kama mahali pa mwendo, na mwendo huo, qi, una njia yake ya kwenda. Wa tumboni unatakiwa kushuka. Ukipanda juu, mtu anapata kwikwi, anacheua, anatapika. Kwa hiyo anauliza dawa hii inapeleka mambo wapi, juu au chini, ndani au nje.

Maua hupanda, mbegu hushuka

Wanafunzi wa tiba ya Kichina hukariri msemo mmoja wa zamani: maua yote hupanda, xuanfuhua peke yake hushuka, mbegu zote hushuka, cang'er peke yake hupanda. Ua ni jepesi na liko juu ya mmea, basi likachukuliwa kuwa linaelekea kichwani na kwenye ngozi. Mbegu na tunda ni vizito, huanguka, basi vikachukuliwa kuwa vinashuka tumboni na chini zaidi.

Tazama maua yenyewe. Krisanthemamu, au juhua, ni ya ubaridi kidogo na hutumika kwa macho mekundu yanayowasha na kwa kichwa kinachouma pamoja na homa. Jinyinhua ni maua madogo ya mmea unaotambaa, yenye ubaridi, na hutumika koo linapovimba na homa inapoanza. Tumba za magnolia, xinyi, ni za pua iliyoziba, nazo hufungwa kwenye kitambaa kabla ya kuchemshwa kwa sababu zina manyoya yanayokereketa koo. Yote hayo ni ya kichwani.

Hapa niweke angalizo kwa wakulima wa Njombe, Mufindi na Nakuru: krisanthemamu ya chai ni jamaa wa pareto, na maua yake yanafanana kwa sura, lakini pareto ni ua la kuulia wadudu. Ujamaa wa mimea hauhamishi dawa kutoka ua moja kwenda jingine.

Msemo wenyewe sasa. Unasaidia kukumbuka, ila usiugeuze kanuni ya maumbile. Wachina wenyewe wanataja vighairi humo humo ndani yake. Xuanfuhua ni ua, lakini hutumika kushusha kikohozi chenye makohozi na kucheua kusikoisha. Cang'er ni tunda lenye vijimiba vinavyoshika nguo, lakini hutumika kwa pua, na lina sumu inayoharibu ini likitumiwa kwa wingi. Halafu kuna kighairi ambacho msemo haukukitaja kabisa, nacho tunakifahamu sisi kuliko watu wengi duniani.

Karafuu

Karafuu ni ua ambalo halijachanua. Tumba huchumwa likiwa limeanza kuiva rangi, likaanikwa juani mpaka likawa kahawia. Asili yake ni visiwa vya Maluku, katika Indonesia ya leo, na Unguja na Pemba zilianza kuipanda mwanzoni mwa karne ya 19, chini ya utawala wa Waomani. China iliipata zamani sana kwa biashara ya baharini. Maandishi ya Kichina yanasimulia kwamba maofisa wa enzi za Han, ukoo ulioanguka mwaka 220, waliweka karafuu mdomoni kabla ya kuzungumza na mfalme, ili pumzi yao isimkere.

Katika dawa, karafuu ni ya vuguvugu na ni kali ulimini. Kazi yake kubwa ni kulipasha joto tumbo lenye ubaridi na kushusha mwendo uliopanda: kwikwi, kichefuchefu, kutapika, maumivu ya tumbo yanayotulia ukiliwekea kitu cha moto. Ni ua, lakini linashusha.

Dawa yake mashuhuri ni mchemsho wa vitu vinne: karafuu, kikofia cha majani kinachobaki juu ya tunda la persimoni, mizizi ya jinsengi na tangawizi mbichi. Hupewa mtu mwenye kwikwi isiyokoma ambaye tumbo lake limepoa na mwili umedhoofika, mgonjwa aliyelala kitandani siku nyingi kwa mfano. Mtu mwenye kwikwi hiyo hiyo lakini ana kiu, uso mwekundu na kinywa chenye harufu hapewi mchemsho huu, maana tumbo lake limeshazidi moto. Dalili moja, wagonjwa wawili, dawa mbili tofauti. Ukielewa mfano huu umeelewa nusu ya tiba ya Kichina, na umeelewa kwa nini kauli kwamba karafuu inafaa kila mtu haina mizizi huko inakodaiwa kutoka.

Angalia na kipimo. Kitabu rasmi cha dawa cha China kinaweka karafuu kati ya gramu 1 na 3 kwa siku. Hizo ni chembe chache tu za kushika kwa ncha za vidole, wakati video zinatuambia tujaze kiganja kizima, kila siku, bila kikomo.

Tena mkarafuu huo huo una dawa ya pili. Maua yasiyochumwa huchanua na kuwa tunda, nalo limeorodheshwa na Wachina kama dawa yake peke yake, yenye kazi inayokaribiana na ile ya tumba lakini nguvu pungufu. Zote mbili zinakatazwa kuchanganywa na yujin, ambayo ni kiazi cha mmea wa jamii ya manjano. Katazo hilo limo katika orodha ya kale ya dawa zisizopatana. Maabara hazijathibitisha kila katazo la orodha hiyo, lakini linaonyesha watu waliokuwa wakichunga nini kinakutana na nini ndani ya chungu.

Na sayansi inasemaje? Ndani ya karafuu kuna mafuta yaitwayo yujenoli, yanayotia ganzi na kuua vijidudu. Madaktari wa meno wameyatumia kwa vizazi vingi, wakiyachanganya na oksidi ya zinki. Hilo limethibitika. Kuhusu kushusha unene na kusafisha kizazi, hakuna ushahidi wa kumwambia mtu aache matibabu yake. Upande wa hatari unajulikana: yujenoli hupunguza uwezo wa damu kuganda, na watoto wadogo waliomeza mafuta ya karafuu wameripotiwa kuharibika ini. Karafuu ya kwenye chai na wali haina tatizo. Mafuta yake kwenye kijiko ni jambo jingine kabisa.

Umri wa tunda na moto wa jikoni

Matunda yanaonyesha jambo ambalo mitandao hailigusi: tunda moja linaweza kuwa dawa mbili au tatu. Ganda la chenza lililoiva, likakaushwa na kutunzwa miaka, huitwa chenpi. La Xinhui, katika jimbo la Guangdong, ndilo lenye sifa kubwa, na linahesabiwa kuwa chenpi baada ya miaka 3 au zaidi. Hufungua tumbo lililojaa gesi na kulegeza makohozi, kwa upole. Ganda la chenza bichi, lililochumwa kijani, ni dawa nyingine, kali zaidi, ya kuvunja kilichokwama. Vivyo hivyo chungwa chungu: likichumwa changa kabisa lina nguvu kubwa ya kusukuma, likikaribia kuiva linapungua ukali, na tabibu huchagua kulingana na mgonjwa.

Ukali huo wa chungwa changa si hadithi tupu. Lina sinefrini, kemikali inayofanana na adrenalini. Marekani ilipopiga marufuku virutubisho vyenye efedra, mmea unaopandisha shinikizo la damu, mwaka 2004, watengenezaji wengi wa vidonge vya kupunguza unene waliigeukia sinefrini. Kwa mwenye shinikizo la juu la damu au moyo dhaifu, vidonge hivyo ni hatari, hata kama picha kwenye chupa ni ya chungwa zuri la shambani.

Moto nao hubadilisha dawa. Shanzha ni tunda dogo jekundu na chachu ambalo watoto wa Beijing hulila likiwa kwenye kijiti, limepakwa sukari iliyoganda. Likikaushwa hutumika kusaidia tumbo lililolemewa na nyama na mafuta. Likikaangwa mpaka likaungua kidogo huaminika kufaa zaidi kwa kazi hiyo hiyo pamoja na kuhara. Kuna dawa zinazokaangwa kwa asali, nyingine kwa siki, nyingine kwa chumvi, na wataalamu wa kuandaa dawa hujifunza miaka kwa ajili ya hatua hii peke yake.

Halafu kuchanganya. Fikiria pilau. Bizari, mdalasini, iliki, pilipili manga na karafuu kila kimoja kina kazi, na karafuu zikizidi kidogo tu chakula kimeharibika. Hakuna mpishi anayekupa karafuu mkononi akasema hii ndiyo pilau. Mchemsho wa Kichina umepangwa hivyo: dawa moja inabeba kazi kuu, nyingine zinaisaidia, nyingine zinapunguza ukali wake, na ya mwisho, mara nyingi kunazi au mizizi ya urukususu, inapatanisha zote. Kunazi nyekundu za Kichina ni ndugu wa kunazi zetu za pwani, tamu na zenye vuguvugu, na zimo katika michemsho mingi kwa kazi hiyo ya kupatanisha na kulisha.

Mfano maarufu wa ua na tunda kushikana ni dawa ya homa iliyoandikwa na tabibu Wu Jutong mwaka 1798. Inaongozwa na jinyinhua, ua, pamoja na lianqiao, tunda kavu la mti wa forsithia. Wawili hao wakatokea tena katika vidonge vya Lianhua Qingwen, vilivyotengenezwa China wakati wa mlipuko wa ugonjwa wa mapafu wa SARS na kutangazwa sana wakati wa Uviko-19. Watu wengi walivinunua wakiamini ni maua matupu. Ndani yake mna pia mahuang, ile efedra, mmea wenye efedrini inayopandisha shinikizo la damu. Singapore ilivisajili kwa dalili za mafua tu, na mamlaka yake ya dawa ikawaonya waziwazi wale waliovitangaza kuwa vinatibu korona.

Kemikali ndani ya tunda si tunda

Hapa ndipo upotoshaji mwingi unapoanzia. Kile kiungo chenye umbo la nyota tunachotia kwenye mchuzi ni tunda, na Wachina hulitumia kwa tumbo la ubaridi. Ndani yake kuna asidi ya shikimiki, malighafi iliyotumika kutengeneza dawa ya mafua makali iitwayo oseltamiviri. Homa ya ndege ilipotisha dunia mwaka 2005, tunda hilo lilipanda bei, na wengi wakaanza kunywa chai yake. Lakini asidi ile yenyewe haitibu mafua. Ni lazima ipitie hatua nyingi za kiwandani mpaka iwe kitu kingine. Ubaya ni kwamba nyota hiyo ina ndugu wa Kijapani anayefanana naye sana, mwenye sumu ya degedege, na mamlaka za Marekani zilitoa onyo mwaka 2003 baada ya watu, wakiwemo watoto wachanga, kuugua.

Habari ya Tu Youyou, mwanasayansi wa China, inaeleza njia iliyonyooka. Yeye alishughulika na qinghao, yaani artemisia, ambayo ni majani zaidi ya maua, ila somo ni lile lile. Mwaka 1967 China ilianzisha mradi wa siri wa kutafuta dawa ya malaria. Katika kitabu cha tabibu Ge Hong cha karne ya 4 aliona maelekezo ya kuloweka qinghao katika maji, kuikamua na kunywa, bila kuchemsha. Akafikiri kwamba moto ndio ulioharibu majaribio ya awali, akatumia etha, kimiminika kinachochemka kwa joto dogo, na mwaka 1971 akapata kilichofanya kazi. Artemisinini ikatengwa, ikapimwa, ikajaribiwa kwa wagonjwa, ikaunganishwa na dawa nyingine. Ndiyo iliyomo katika dawa mseto ya malaria tunayopewa zahanati. Mwaka 2015 alipata Tuzo ya Nobeli.

Watu husikia habari hiyo wakahitimisha kwamba basi chai ya artemisia inatosha. Shirika la Afya Duniani halikubali, na sababu zake ni za wazi: kiasi cha dawa ndani ya chai hakitabiriki, mara nyingi hakitoshi kuua vimelea vyote, na vinavyobaki hujifunza kuistahimili. Tukiipoteza artemisinini kwa njia hiyo, watakaolipa ni watoto wa Afrika.

Yanayoua

Kuna tunda liitwalo madouling. Kwa karne nyingi lilitumika kwa kikohozi. Linatoka kwenye mmea wa jamii ya aristolokia, na mimea hiyo ina asidi inayoharibu figo na kusababisha saratani ya njia ya mkojo. Ulimwengu ulishtuka mwanzoni mwa miaka ya 1990, wanawake zaidi ya 100 nchini Ubelgiji walipoharibika figo baada ya kutumia vidonge vya kupunguza unene. Dawa moja ya Kichina ilibadilishwa na mmea mwingine wa jamii hiyo ya aristolokia, kwa kuwa majina na sura vilikaribiana. China iliiondoa madouling katika kitabu chake rasmi cha dawa toleo la 2020. Miaka elfu ya matumizi haikuonyesha hatari hiyo, kwa sababu figo hufa polepole na saratani huja baadaye sana, na hakuna tabibu wa kijijini ambaye angeweza kuunganisha kikohozi cha jana na mkojo wa damu wa miaka kumi mbele. Hoja ya ukale ina mpaka wake, na mpaka wake ni huu.

Ua la mnanaha, lile jeupe la mfano wa tarumbeta, nalo ni dawa China, ya pumu na ya kutia ganzi, kwa kipimo kisichofika gramu moja. Imo kati ya dawa zenye sumu zinazodhibitiwa na serikali. Honghua, ua jekundu la jamii ya alizeti, husukuma damu, na vitabu vya Kichina vinamkataza mjamzito kulitumia. Goji zimeripotiwa kuongeza nguvu ya warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, mpaka mtu akavuja damu. Wuweizi, tunda dogo jekundu, hupandisha kiwango cha takrolimasi, dawa ya kuzuia mwili kuikataa figo mpya, katika damu ya aliyepandikizwa figo.

Hatari iliyo karibu zaidi nasi, hata hivyo, haiko kwenye ua wala tunda. Iko kwenye vidonge vinavyojiita vya mimea lakini vimetiwa dawa za hospitali kwa siri: sildenafili kwenye vya nguvu za kiume, deksamethasoni kwenye vya maumivu ya viungo, sibutramini kwenye vya unene, ingawa ilitolewa sokoni Ulaya na Marekani mwaka 2010 kwa kuhatarisha moyo. Dawa ya mimea inayoleta nafuu ndani ya saa moja kwa maumivu ya miaka mitano inatakiwa kutiliwa shaka, si kushangiliwa.

Kwa hiyo ukiingia duka la dawa za Kichina, uliza jina la mmea, sehemu iliyotumika, gramu kwa siku, na utumie kwa muda gani. Asiyeweza kujibu hayo manne si mtaalamu wa tiba ya Kichina, hata akiwa na cheti ukutani. Tanzania, watoa tiba wanatakiwa kusajiliwa na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala. Kenya, dawa yenyewe inahusu Bodi ya Famasia na Sumu. Kama unatumia dawa za moyo, sukari, kifafa, virusi vya Ukimwi au za kuzuia damu kuganda, au una mimba, au umepangiwa upasuaji, peleka kipakiti chenyewe kwa daktari au mfamasia ukionyeshe kabla ya kunywa, hata kama muuzaji amekuambia ni chai tu.